Gofu la Gofu Juu

Jiji limenituma kupima, si kulia.
Nina futi kamba ya mita hamsini, daftari, kalamu mbili,
na Kilua mlinzi, anayenishikia sifuri
kwenye kona, kidole gumba kikiwa kimelikandamiza bati.

Ukuta: matumbawe na chokaa, sentimita sitini na mbili.
Ukiugonga haujibu.
Nguzo: chuma cha kusubu, ishirini na nne,
kila moja na taji la majani
ya mti ambao Tanga haujawahi kuota.

Paa ni msumeno uliolazwa chali, meno tisa.
Mchoraji alikaa kwao akachora kwa jua la kwao:
vioo vyote akavielekeza kaskazini,
maana kwao kaskazini ni upande wa kivuli.
Hakuna aliyemwambia kwamba huku, ikifika Juni,
jua huhamia upande huohuo
na kuchungulia ndani kama mdai.
Mafundi wakaungua shingo, nusu ya kila mwaka,
hadi mmoja akapanda na ndoo ya chokaa
akavipofua vioo, kimoja kimoja.
Jina lake halipo popote. Chokaa ipo.
Nimeandika: *vioo, vimepakwa.*

Sakafu: vipande vya mvule vilivyosimamishwa wima,
vimenyweshwa mafuta miaka themanini,
ili chombo kikidondoka kisivunjike.
"Na miguu isichoke," anasema Kilua,
"ingawa hiyo sidhani kama waliiwaza."
Nikapiga goti nikanusa. Grisi. Na kitu kama mkate.

Hapa zilitengenezwa korona.
Si ugonjwa, wanangu. Mashine.
Ilitafuna jani la mkonge ikatema nyuzi nyeupe,
na mlio wake ulifika Pongwe kabla ya treni.
Wajerumani waliijenga karakana, wakaondoka na funguo.
Waingereza wakabadilisha kibao, wasibadilishe honi.
Tukaitaifisha: kibao kipya, honi ileile,
saa moja kasorobo, na maziwa ya mama
yakishtuka kifuani mtaa mzima.

Kisha ule mwaka wa themanini na mbili,
sabuni kwa foleni, dola hadithi.
Gurudumu la korona likapasuka, la pili, la tatu.
Barua za kuomba vipuri zikarudi na stempu tu.
Ndipo Hoza wa kalibu
akachonga gurudumu la mbao, akalizika mchangani,
akalifukua, na katika shimo lililobaki
akaandika kwa msumari, kwa mara ya kwanza, jina la kwetu:
TANGA.

Alisahau kwamba mchanga husema kinyume.
Chuma kilipopoa kikasomeka AGNAT,
N yake imegeuza mgongo.

Meneja wa shamba alipopokea mzigo akauliza,
"Agnati ni nchi gani hii?"
Hoza akajibu, "Mbali, mzee.
Lakini huko hawadai dola."

Akatoa sitini na moja. Zote kinyume, sasa kwa makusudi.
Watu walikuja kuzipenda, wakisema za Agnati
hazipasuki kama zile za Ulaya.

Limebaki moja. Kilua ananionyesha
chini ya kinyesi cha kunguru, kando ya tanuri,
tayari lina alama ya chaki nyekundu ya mnunuzi wa vyuma chakavu.
Fomu ya Jiji inauliza: *Mtengenezaji. Nchi.*
Nikaweka karatasi juu ya herufi nikasugua penseli,
nikaiinua kwenye upenyo ambao chokaa imebanduka,
nikaisoma kwa mgongo.
Kilua hakusema kitu. Baba yake alikuwa wa kalibu.

Fomu nimeiacha wazi hapo. Nimebana karatasi kwa pini.

Urefu wa jengo: mita sabini na moja na nusu.
Mchoro unasema sabini na mbili.
Nusu mita hiyo sijui imekwenda wapi.
"Tupime tena," anasema Kilua, ameshafika kwenye kona,
kidole juu ya sifuri,
"jua bado."